KUKU WANAKUFA NYUMA YA NYUMBA? ACHA KISU, TAFUTA SABABU

Leo tunaacha presha na kisukari kidogo, tunaingia bandani.

Najua wengine mtauliza, muuguzi na kuku wapi na wapi? Sababu ni kwamba naulizwa. Mayai yalipanda bei hapa Marekani hadi dazeni moja ikafika wastani wa dola 6.23 mwezi Machi 2025, na ndugu zetu wengi wa Dallas, Fort Worth na Houston wakajenga vibanda nyuma ya nyumba. Mayai yakapatikana, watoto wakafurahi, bibi aliyekuja kutembea akapata cha kufanya asubuhi. Halafu siku moja ujumbe unaingia kwenye simu yangu: "Dada, kuku watatu wamekufa wiki hii. Huyu wa nne nimpe dawa gani?"

Mimi huuliza kwanza: "Hao watatu wamekufa kwa nini?" Mpaka swali hilo lijibiwe, hakuna dawa ya maana ya kumpa wa nne. Hospitalini hatumpi mgonjwa dawa kwa kukisia, tunampima. Na kwa kuku, yule aliyekufa ndiye kipimo chenyewe. Hilo ndilo ninalotaka ulikumbuke ukimaliza kusoma: MZOGA NI USHAHIDI. Ukiuchinja, ukiutupa au ukiuzika haraka, umetupa jibu.

MAMBO MATATU TUNAYOYAFANYA HARAKA

1. Kisu. Wengi wetu tumelelewa hivyo. Kuku akianza kusinzia na kushusha mabawa, anawahiwa kabla hajafa ili asipotee bure. Nyumbani muuaji mkubwa ni mdondo, wengine wanauita kideri, na virusi vyake vikimpata mtu kwa kawaida humwachia macho mekundu kwa siku chache tu. Ndiyo maana babu na bibi walikula wakapona. Lakini Texas ya leo ina mafua makali ya ndege ya H5N1, na hayo ni habari nyingine. Ni kweli nyama ikiiva hadi nyuzi 165 za Farenhaiti virusi hufa. Hatari kubwa iko kabla ya sufuria: kwenye kunyonyoa, damu inayoruka, matumbo, na mikono inayogusa macho. Tena kama kuku amekufa kwa sumu, moto hausaidii. Risasi, ile metali, haipikiki ikaisha. Sumukuvu nayo jiko la kawaida haliimalizi.

2. Kutupa. Kuku wa kwanza anaingia kwenye pipa la taka, wa pili hivyohivyo, na simu inapigwa akifa wa sita. Hapo ushahidi wa siku kumi umeshachukuliwa na gari la taka.

3. Antibayotiki. Wapo wanaotafuta vidonge vilivyobaki kabatini, au kuomba watumiwe dawa kutoka nyumbani. Antibayotiki haiui virusi, na mdondo, mahepe, ndui na mafua ya ndege vyote ni virusi. Pia mabaki ya dawa huingia kwenye yai analokula mwanao. Kumbuka vilevile kwamba tangu Juni 2023, antibayotiki za mifugo ambazo ni muhimu pia kwa binadamu haziuzwi tena Marekani bila cheti cha daktari wa mifugo. Zile pakiti za unga zilizokuwa rafuni kwenye maduka ya vyakula vya mifugo zimeondolewa.

KWANZA LINDA WATU

Kabla ya kumgusa kuku aliyekufa au anayeumwa, fanya haya:

- Watoto, wajawazito, wazee na wenye kinga dhaifu wasisogee bandani.
- Vaa glavu, barakoa na miwani ya kukinga macho. Barakoa ya N95 ni bora zaidi.
- Tenga viatu vya bandani, visiingie ndani ya nyumba.
- Osha mikono kwa sabuni na maji mara tu unapomaliza.
- Mayai ya kundi hilo msiyale wala msiwagawie watu mpaka sababu ijulikane. Najua trei la mayai ni zawadi nzuri ya kupeleka kwenye ibada au kwa mzazi aliyejifungua. Kwa sasa lisubiri.
- Mzoga usipewe paka wala mbwa. Mwaka 2024, H5N1 ilipoingia kwenye ng'ombe wa maziwa huku kaskazini ya Texas, paka wa mashambani waliokunywa maziwa mabichi walikufa.

MASWALI YA KUJIULIZA

Mgonjwa akifika kwetu tunachukua historia yake kwanza. Wewe nawe chukua daftari, andika majibu haya. Daktari wa mifugo au maabara watakuuliza hayohayo.

1. Wangapi wamekufa, kati ya wangapi, ndani ya siku ngapi? Kifo cha mmoja katika miezi mitatu na vifo vya watano kwa siku mbili si jambo moja.
2. Wana umri gani? Vifaranga peke yao, wakubwa peke yao, au wote?
3. Wamechanjwa nini, na walinunuliwa wapi? Kuna mgeni aliyeingia bandani mwezi huu?
4. Nini kimebadilika? Chakula kipya, gunia lililonyeshewa, dawa ya mchwa au ya majani iliyopulizwa na wewe au jirani, rangi ya zamani iliyokwanguliwa ukutani, joto, mafuriko.
5. Bata wa porini au ndege wengine wanatua uani, au wanakunywa maji ya kuku?
6. Utagaji umeshuka? Maganda yamekuwa laini? Kinyesi kina rangi gani?

Piga picha na video pia. Kuku anayetembea vibaya leo kesho anaweza kuwa amekufa, na video inaeleza kuliko maneno.

DALILI NA MAANA YAKE

Hapa naomba tuelewane. Dalili zinakupa mahali pa kuanzia, hazikupi hukumu. Magonjwa mengi yanafanana kwa macho.

Vifo vya ghafla na vya wengi. Jana wanakula, leo wamelala chini. Au kichwa kimevimba, kilemba kimekuwa cha zambarau, miguu ina madoa ya damu, wanakoroma, shingo inapinda, kinyesi cha kijani, mayai yamekatika. Hii inaweza kuwa mafua makali ya ndege, inaweza kuwa mdondo mkali. Kwa macho hata daktari hawezi kuyatofautisha, ni maabara tu. Usisubiri, piga simu siku hiyohiyo. Namba ziko chini.

Vifaranga wa wiki tatu hadi sita, wamejikunyata, kinyesi kina damu. Mara nyingi ni ugonjwa wa kuhara damu, unaoletwa na vijidudu vinavyopenda maranda yenye unyevu. Houston na unyevu wake ni makazi mazuri kwao. Dawa yake ni amproliamu, haihitaji cheti, lakini kipimo cha kinyesi kwa daktari wa mifugo kinathibitisha.

Kuku mchanga anayelemaa, mguu mmoja mbele mmoja nyuma. Fikiria mahepe, ambayo wataalamu wanaiita ugonjwa wa Marek kwa jina la József Marek, daktari wa mifugo wa Hungaria aliyeueleza mwaka 1907. Hauna tiba. Virusi vyake hukaa kwenye vumbi la manyoya kwa muda mrefu, hivyo ukileta vifaranga wapya kwenye banda lilelile bila chanjo ya siku ya kwanza, msiba utarudi.

Vidonda vyeusi kwenye kilemba na kuzunguka macho. Ndui ya kuku. Huku husambazwa na mbu, na wengi hupona wenyewe. Ikishuka kooni ndipo huua.

Shingo imelegea kama kamba, macho yanafumba, miguu haina nguvu. Fikiria sumu ya botulizimu. Kuku wamedonoa funza kwenye mzoga uliooza au mboji. Tafuta panya aliyekufa chini ya banda.

Mdomo wazi, mabawa yametanuliwa, kifo saa tisa alasiri, mnene ndiye anayetangulia. Joto hilo. Kuku hatoki jasho. Mwaka 2011 eneo la Dallas–Fort Worth lilikuwa na siku 71 zilizofika nyuzi 100 au zaidi. Kivuli, feni na maji baridi ndiyo dawa.

Anakonda taratibu, anayumba, wengine wazima. Inaweza kuwa minyoo, uvimbe wa ndani, au risasi. Nyumba nyingi zilizojengwa kabla ya 1978 zina rangi yenye risasi, na vipande vyake viko kwenye udongo ambao kuku anaudonoa. Risasi hiyo inaingia kwenye yai. Kuku wako akikutwa nayo, wapeleke watoto wakapimwe damu hata kama wanaonekana wazima. Kwa mtoto mdogo risasi huharibu ubongo kimyakimya.

Kundi zima limepoa, halili, baada ya gunia jipya au lililolowa. Nusa chakula, tazama ukungu. Sumukuvu tunaijua kwa uchungu: mwaka 2004 mashariki ya Kenya, hasa Makueni na Kitui, mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125. Na dunia iliijua kupitia ndege. Mwaka 1960 nchini Uingereza batamzinga zaidi ya laki moja walikufa bila sababu kujulikana, hadi wachunguzi walipofuata chakula chao na kufikia mashudu ya karanga yenye ukungu. Kama mizoga ile ingefukiwa tu, ugunduzi huo ungechelewa.

Na mwisho, angalia majeraha. Kuku aliyekatwa kichwa usiku hakufa kwa ugonjwa, ameuawa na mnyama kama rakuni. Hapo unahitaji waya imara.

MZOGA UPELEKWE WAPI, NA VIPI?

Texas ina maabara ya serikali kwa kazi hii, Texas A&M Veterinary Medical Diagnostic Laboratory, kwa kifupi TVMDL. Makao yake yako College Station, mwendo wa kama saa moja na nusu kutoka Houston na karibu saa tatu kutoka Dallas. Wana pia maabara ya kuku huko Gonzales. Piga simu kabla ya kuondoka, uulize gharama, uulize upeleke wapi, na kama unaweza kutuma kwa kifurushi. Ukishuku mafua ya ndege usiupeleke mwenyewe, subiri maelekezo.

Ukiruhusiwa kupeleka, utunze hivi:

- Usiupasue mwenyewe. Utavuruga ushahidi na kujimwagia vijidudu.
- Uweke kwenye mfuko wa plastiki, kisha mfuko wa pili. Funga vizuri.
- Upoze kwa barafu ndani ya boksi la baridi haraka iwezekanavyo, hasa kiangazi. USIUGANDISHE kwenye friza. Kugandisha huharibu viungo, na mchunguzi hataona vizuri.
- Usitumie friji ya chakula cha nyumbani.
- Ufike ndani ya saa 24 ikiwezekana. Uliofura na kunuka hausemi mengi.
- Ambatanisha yale majibu ya daftarini.

Majibu yakitoka, mwombe daktari wa mifugo akufafanulie. Wapo wasiotibu kuku, kwa hiyo tafuta mapema anayetibu. Usingoje msiba.

SIMU AMBAZO WENGI WANAZIOGOPA

Vifo vikiwa vingi na vya ghafla, ni lazima wahusika wajulishwe. Kwa Texas ni Texas Animal Health Commission, simu 1-800-550-8242. Kuna pia simu ya wizara ya kilimo ya taifa kwa ndege wagonjwa, 1-866-536-7593.

Najua hofu iliyopo. Mtu anasema, "Nikiita serikali nyumbani kwangu nitajiletea balaa." Ndugu yangu, kazi ya watu hawa ni mifugo. Sikufichi: ikithibitika ni mafua makali ya ndege, kundi lote litauawa na eneo lako litawekwa karantini. Inauma. Lakini fahamu kwamba serikali ya taifa ina utaratibu wa fidia kwa ndege wanaouawa kwa amri yake, na hailipi waliokwisha kufa wenyewe. Anayechelewa kusema ndiye anayepoteza zaidi. Na kuku hao wangekufa tu, pengine baada ya kumwambukiza jirani yako.

Haya si mambo ya mbali. Februari 2004, mafua makali ya ndege ya aina ya H5N2 yaligunduliwa kwenye kundi la kuku wa nyama kama 6,600 katika kaunti ya Gonzales, na virusi vikapatikana kwenye masoko mawili ya kuku hai hapahapa Houston. Masoko ya aina hiyo ndiko wengi wetu tunakonunua jogoo wa sikukuu. Mwaka 2003 mdondo mkali ulifika El Paso. Mdondo huohuo ulirudi California mwezi Mei 2018, na kabla haujazimwa ndege zaidi ya milioni 1.2 walikuwa wameuawa, huku wengi wa walioambukizwa wakiwa kwenye mabanda ya nyuma ya nyumba. Ulisafiri na watu: kuku waliohamishwa, viatu, vizimba vya kuazimana. H5N1 ya sasa ilithibitishwa kwenye mashamba ya Marekani Februari 2022, na mapema Aprili mwaka huo ikawa Texas, kwenye shamba la ndege katika kaunti ya Erath, kusini-magharibi ya Fort Worth.

MTU AKIUGUA JE?

Hapa ndipo kazi yangu hasa ilipo. Hatari ya mafua ya ndege kwa watu wengi bado ni ndogo, lakini si sifuri. Januari 2025, jimbo jirani la Louisiana lilitangaza kifo cha kwanza cha H5N1 Marekani: mtu mwenye umri zaidi ya miaka 65, mwenye magonjwa mengine, aliyekuwa amekaribiana na kuku wa nyumbani na ndege wa porini. Kifo hicho kilianzia uani, si kwenye shamba kubwa.

Kama umegusa ndege wagonjwa au waliokufa, jichunguze kwa siku 10 tangu mara ya mwisho. Ukiona macho mekundu yanayowasha, homa, kikohozi, koo kuuma au kupumua kwa shida, PIGA SIMU kliniki kabla ya kwenda, na useme wazi: "Nafuga kuku, na wamekufa." Sentensi hiyo inabadilisha vipimo utakavyofanyiwa. Usiposema, utaambiwa ni mafua ya kawaida na kurudishwa nyumbani. Dawa ya virusi ipo na inafanya kazi vizuri ikianza mapema.

Kitu kinachowapata watu wengi zaidi ni salmonela. Mwaka 2020 zaidi ya watu 1,700 Marekani waliugua kwa salmonela iliyotokana na kuku wa nyumbani. Ubaya wake ni kwamba kuku mwenyewe anaweza kuonekana mzima kabisa. Watoto chini ya miaka mitano ndio wanaoumia zaidi. Kifaranga ni kizuri, lakini mtoto asikibusu wala kukileta mezani. Mtoto anayeharisha damu, mwenye homa kali, au asiyepata mkojo, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

KUZUIA

1. Nunua vifaranga kwenye vituo vilivyo chini ya mpango wa taifa wa afya ya kuku, unaoitwa NPIP, na omba waliochanjwa mahepe.
2. Kuku mgeni akae peke yake siku 30 kabla ya kuchanganywa.
3. Usiingie bandani kwa rafiki na viatu vyako vya bandani, wala yeye kwako. Salamu mnaweza kupeana sebuleni.
4. Funika chakula na maji. Kuanzia vuli hadi masika bata wa porini wengi hujaa pwani ya Texas, nao hubeba virusi bila kuumwa.
5. Chanjo ya mdondo ya I-2, ile ya tone jichoni ambayo wengi tunaikumbuka Tanzania, usiagizie kwa wasafiri. Kuingiza chanjo ya mifugo bila kibali ni kosa. Muulize daktari wa mifugo za hapa.
6. Uliza manispaa yako sheria za kufuga. Dallas, Fort Worth na Houston kila mmoja una zake.

Ndugu msomaji, kufuga ni jambo jema, na yai la nyumbani lina utamu wake. Ila kuku wa Texas anafugwa kwa macho mawili, moja kwa kuku na moja kwa mtoto anayecheza uani. Chapisha zile simu mbili uzibandike kwenye mlango wa banda leo hii, kabla hujazihitaji. Maelezo haya ni ya elimu, hayachukui nafasi ya daktari wako wala daktari wa mifugo.

Mpelekee na mwenzako anayefuga. Tuombeane uzima, na tukutane tena toleo lijalo.

Ni mimi, muuguzi wenu.